Jua Lilipowasha Taa ya Kijani

Rumande, 6 Mei

Mwanangu mpenzi,

Barua huanza kwa kusema mimi sijambo. Mwili ni mzima, hilo naweza kuapa. Mengine tuyaache, maana askari ataisoma barua hii kabla yako, na sitaki kumharibia asubuhi.

Najua mama yako ameshakueleza. Lakini nataka uyasikie kutoka kwangu, kwa mpangilio, kama ninavyoandika ripoti.

Jumanne ile, tarehe 14 Aprili, treni ya mizigo ilipita stesheni kwangu saa nne na dakika kumi na nane, ikaingia kwenye kipande cha reli kilicho kati yangu na kituo cha pili. Taa kwenye ubao wangu ikawa nyekundu, kama inavyotakiwa. Treni ya mizigo huchukua dakika ishirini na tano kukimaliza kile kipande, kwa sababu ya mlima. Saa nne na dakika ishirini na tisa taa ikageuka kijani. Dakika kumi na moja tu! Nikashangaa. Nikampigia simu yule dada wa kituo cha pili kumuuliza kama treni imefika kwake. Akaniambia imefika. Nikaandika kitabuni, nikatoa njia kwa treni ya abiria.

Saa nne na dakika arobaini na moja treni ya abiria ikaivaa ile ya mizigo kwa nyuma, kwenye kona ya mlima, pale ilipokuwa imesimama kwa kuishiwa nguvu.

Watu kumi na mmoja, mwanangu. Dereva wa treni ya abiria alikuwa huyo huyo unayemfahamu, rafiki yangu. Hakutoka.

Sasa wanasema nililala. Wengine wanasema nilikunywa. Miaka thelathini na moja wenzangu wananiita Mzee Saa, leo nimekuwa mlevi. Mafundi wamekagua ubao, wamekagua nyaya, wanasema kila kitu kizima. Na yule dada anaapa kwamba hakuniambia neno lolote. Kwa hiyo taa inanikana na mtu ananikana.

Swali langu ni hili. Jumapili kabla ya siku ile ulinipigia simu, ukasema jua limechafuka, lina doa kubwa kuliko dunia, na huko kazini kwenu mmekaa mguu sawa. Nilicheka, nikakuuliza kama nitafute mwavuli. Nisamehe. Niambie sasa, na uniambie kama mtaalamu, si kama binti: jua linaweza kugeuza taa yangu?

Baba yako


Ofisi ya Utabiri, 15 Mei

Baba,

Shikamoo.

Umeomba nijibu kama mtaalamu. Ndiyo, linaweza.

Wewe mwenyewe ulinifundisha taa ile inavyofanya kazi, nikiwa mdogo, kwa vijiko viwili na betri ya tochi. Umeme mdogo hupita kwenye reli mbili. Reli zikiwa tupu, umeme unafika kwenye kisanduku na taa inakuwa kijani. Magurudumu yakizikanyaga reli, umeme unakata njia kupitia chuma cha magurudumu, haufiki kwenye kisanduku, taa inakuwa nyekundu. Kisanduku hakioni treni. Kinajua tu kama umeme umefika au haujafika.

Jumapili jioni jua lilipasuka pale penye doa, likatema wingu la chembe zenye umeme. Wingu lilisafiri chini ya siku mbili, likaipiga sumaku ya dunia Jumanne saa nne na dakika ishirini na saba. Sumaku ya dunia ikitikiswa namna ile, umeme unazuka ardhini wenyewe na kutafuta chuma kirefu cha kupita: nyaya za umeme, mabomba ya mafuta, reli. Ukiingia kwenye reli zako, kisanduku kinaweza kudhani ni umeme wake. Taa inawaka kijani na treni iko ndani. Dhoruba ikitulia, kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa, na fundi akija na vipimo vyake haoni hata kovu.

Asubuhi ile ndege tatu ziligeuza njia kwa kukosa mawasiliano. Transfoma mbili kubwa ziliungua, mji wa pili ukakaa gizani siku tano. Hayo yameandikwa magazetini. Taa yako haikuandikwa popote.

Kati ya pigo la saa nne na dakika ishirini na saba na taa yako ya ishirini na tisa kuna dakika mbili. Nimezitazama hizo dakika mbili kwenye karatasi mpaka macho yakaanza kuuma.

Onyo lilitolewa siku ile na kupelekwa makao makuu ya reli. Naona halikukufikia.

Hukulala, Baba. Nililijua hilo hata kabla ya vipimo.

Binti yako


Rumande, 24 Mei

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara sita. Mara ya saba nimewasomea wenzangu wa chumba hiki, watu kumi na wanne, na mmoja wao, mwizi wa betri za magari, ameniuliza kama jua linaweza kumtetea na yeye. Tumecheka hadi askari akagonga mlango. Sikuwa nimecheka tangu Aprili.

Wakili niliyepewa na chama cha wafanyakazi ameruka kwenye kiti. Anataka wewe uje mbele ya tume ya uchunguzi na hivyo vipimo. Anasema neno la mtaalamu wa serikali litageuza kesi yote. Anaomba pia jambo moja dogo: saa. Onyo lenu lilitoka saa ngapi? Kama lilitoka kabla ya ajali na makao makuu wakalikalia, basi wao ndio wanaopaswa kulala humu kwenye mkeka wangu, na kunguni nitawaachia bure.

Juzi wamemkamata yule dada wa kituo cha pili, yupo upande wa wanawake. Wanasema mmoja wetu amedanganya tume, na mpaka ijulikane ni nani, wote ndani. Ana mtoto anayenyonya, amemwacha kwa bibi yake. Inasikitisha, lakini nifanyeje? Ni neno lake na neno langu. Pengine aliogopa kukubali kwamba alisema imefika kabla ya kuchungulia dirishani. Vijana wa siku hizi wana haraka.

Nijibu upesi kuhusu hiyo saa.

Baba yako


Nyumbani, 9 Juni

Baba,

Uliniambia nijibu upesi, nimekaa na barua yako wiki mbili. Sikuwa na kazi nyingi. Nilikuwa naogopa.

Onyo lilitoka saa nne na dakika arobaini na nne. Dakika tatu baada ya ajali.

Sasa nisikilize mpaka mwisho. Kuna setilaiti iliyo mbali sana kati yetu na jua. Wingu likija, linapita kwake kwanza, na sisi tunapata kama dakika ishirini kabla halijatufikia. Saa nne na dakika tano setilaiti ile ilipiga kelele kwenye skrini yangu. Mimi ndiye niliyekuwa zamu, peke yangu.

Mwezi ule nilikuwa nimeshatoa maonyo mawili, na mara zote mbili wingu likapita pembeni. Reli walisimamisha treni nusu siku bure, wakaandika barua kali. Mkuu wa idara akaniita akanifungia mlango. Akasema, “Dada, hapa hatupigi ramli. Safari ijayo usubiri vipimo vya sumaku vya ardhini viitike kwanza, halafu uniletee nitie sahihi.” Na mkataba wangu ulikuwa unaisha Julai.

Nikasubiri. Saa nne na dakika ishirini na saba sindano zote za vipimo hivyo zikaruka. Nikakimbia mlangoni kwake, yuko kwenye kikao. Karani wake akaniambia keti. Nikaketi, Baba. Nilikuwa na karatasi mkononi, nikaketi kwenye kile kiti cha wageni kama mtu aliyekuja kuomba likizo. Alitoka saa nne na dakika arobaini na tatu, akatia sahihi amesimama.

Kanuni zetu zinasema mtu wa zamu anaweza kutuma onyo bila sahihi ikiwa kuna hatari. Kanuni hiyo naijua kwa moyo. Niliwafundisha wafanyakazi wageni wawili.

Dakika thelathini na tisa. Nilipokuandikia kwamba onyo lilitolewa, sikusema uongo, na ndiyo maana sentensi ile inanichoma kuliko uongo.

Nitakuja mbele ya tume. Nitasema yote, ya jua na ya kwangu. Mkuu ameshaniambia nikifanya hivyo nisirudi. Sawa.

Binti yako


Rumande, 16 Juni

Mwanangu,

Usije.

Wakili mwambie umeugua. Tume ipelekee vipimo kwa posta bila wewe kuketi pale na kuulizwa. Wale watu huuliza jambo moja, halafu la pili, halafu la tatu ambalo hukulitarajia. Wewe una maisha mbele yako. Mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu.

Hayo ya dakika thelathini na tisa nimeyasikia. Sina neno la kukulaumu. Nakuagiza kama mzazi: usije.

Baba


Nyumbani, 2 Julai

Baba,

Sijawahi kukukaidi, hata kwenye mambo madogo. Juzi nimekukaidi kwenye hili, na najua kwa nini ulinikataza. Ulitaka kuninusuru. Ulikuwa tayari kubeba maiti kumi na moja peke yako ili mimi nisitajwe. Nimeisoma ile barua yako fupi mbele ya kioo nikivaa, nikalia mpaka mama akaniuliza kama nimeumia.

Ukumbi ulikuwa ule wa halmashauri, wenye feni zisizozunguka. Ndugu za marehemu walikaa mbele. Nilieleza jua, wingu, sumaku, reli. Mwenyekiti wa tume aliniomba nirudie habari ya vijiko na betri, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nikaeleza na mengine, kwamba asubuhi ile redio zilikufa, na hata simu za waya mrefu, kama zile zinazofuata reli, zilinguruma tu kwa zaidi ya saa moja. Halafu nikasema dakika thelathini na tisa.

Baba, watu hawakupiga kelele kama nilivyotarajia. Mzee mmoja akasimama, akaniuliza kwa upole kabisa, “Mama, ulikuwa umeketi?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Asante,” akakaa.

Yule dada wa kituo cha pili aliletwa kabla yangu. Amekonda. Alisema simu ililia, akainua, hakuna sauti ya mtu, mvumo tu, akaiweka. Wakamcheka.

Nimeachishwa kazi leo asubuhi. Mkuu wa idara amehamishiwa makao makuu, kwenye ofisi kubwa zaidi. Lakini wakili wako ana furaha. Anasema sasa hakuna hakimu atakayekufunga. Hilo linanitosha.

Binti yako


Nyumbani kwa marehemu, 11 Julai

Mwanangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Mimi ni mke wa dereva. Tangu ajali sijaenda kwenu na mama yako hajaja kwangu. Tulikuwa tunasukana nywele kila Ijumaa, sasa kila mtu anajisuka mwenyewe.

Nilikuwa mstari wa tatu pale ukumbini. Hukuniona, nami sikutaka unione. Sikuandikii kwamba nimekusamehe, na sikuandikii kukulaani. Bado sijajua ni lipi. Tangu siku ile nimekuwa naangalia saa. Kwa dakika thelathini na tisa nimechemsha maji, nimekunywa chai, nimepiga pasi shati lake la kazi ambalo halina wa kulivaa, na bado muda umebaki. Ni muda mrefu, mwanangu. Sikuwa nimejua kwamba ni mrefu vile.

Lakini si hilo lililonifanya nitafute kalamu. Yule dada alisema simu ililia, akainua, akasikia mvumo tu. Watu wakacheka. Ukaja wewe, ukasema simu zote za waya zilikuwa zinanguruma kwa zaidi ya saa moja. Hakuna aliyecheka. Na hakuna aliyeyaweka maneno yenu mawili pamoja. Mimi nimefua nguo siku tatu nikiyaweka pamoja.

Kama simu ilikuwa inanguruma, baba yako alisikiaje kwamba treni imefika?

Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ni mwanawe, na kwa sababu pale ukumbini ulisema ukweli ulipoweza kunyamaza. Tume sijaiuliza. Nitasubiri kidogo.

Mke wa dereva


Nyumbani, 19 Julai

Baba,

Naambatanisha barua ya mke wa dereva. Isome kwanza kabla ya yangu.

Nimerudi kwenye vipimo. Waya wa simu ya reli kati ya stesheni yako na kituo cha pili umenyooka kwa urefu na kwa mwelekeo ule ule uliopigwa vibaya kuliko yote. Kuanzia saa nne na dakika ishirini na nane, sioni namna mtu angeweza kusikia sauti ya mwenzake upande wa pili. Nimetafuta namna hiyo siku nne. Nimeitafuta kwa nia mbaya kabisa ya kuipata, na sijaipata.

Ulisikia nini, Baba?

Yule dada amekaa ndani miezi miwili.

Binti yako


Rumande, 28 Julai

Mwanangu,

Nilisikia mvumo. Kama mafuta yanavyolia kwenye kikaango.

Nilisema, “Haloo, imefika?” Mvumo. Nikapaza sauti, “Mizigo imefika kwako?” Mvumo. Treni ya abiria ilikuwa imechelewa dakika nane na imesimama mbele ya dirisha langu. Rafiki yangu alikuwa ametoa kichwa nje, ananionyesha mkono wake wenye saa, anacheka, ananitania, Mzee Saa leo vipi. Nikatazama ubao. Taa ya kijani. Miaka thelathini na moja taa ile haijawahi kunidanganya hata siku moja. Watu wamenidanganya sana. Nikasema mwenyewe, kwa sauti, ndani ya simu, “Imefika.” Kama mtu anayejibiwa. Nikaweka simu chini nikaandika kitabuni: imefika, saa nne na dakika thelathini na moja. Nikampungia mkono aondoke.

Kanuni inasema usiposikia jibu, usitoe njia. Tuma mtu kwa miguu akatazame, hata kama itachukua saa mbili. Nami kanuni yangu naijua kwa moyo, kama wewe unavyoijua yako.

Polisi waliponiuliza mara ya kwanza kama nilipiga simu, nilisema nilipiga. Wakauliza alijibuje, nikasema alisema imefika. Lilinitoka tu. Sikuwa nimemfikiria yule dada hata kidogo, nilikuwa nimefikiria neno lililo kitabuni. Mara ya pili nilipoulizwa, nilishamfikiria, na nikasema vile vile. Hiyo ya pili haikunitoka. Niliitoa.

Ulipoandika kwamba jua linaweza, nilifurahi kama mtu aliyepewa maji. Nilijua nusu ya habari haimo, na nikaacha uendelee kuchimba. Nilitaka liwe jua. Usiku na mchana nilitaka liwe jua peke yake.

Kisha ukaandika kwamba utakuja mbele ya tume, nami nikakukataza. Mwanangu, ukadhani nakulinda. Umeandika kwamba ulilia mbele ya kioo. Niliisoma sentensi hiyo nikaikunja barua nikaiweka chini ya mkeka, sikuigusa siku tatu. Nilikuwa najilinda mimi. Nilijua wewe huwezi kueleza dhoruba ile bila kugusa simu. Nilikuwa na hofu na elimu yako, elimu niliyoilipia kwa zamu za sikukuu na za wagonjwa, hofu isije ikanifikia. Usinifanye shujaa. Sina nguvu za kuwa shujaa wa mtu anayenijua.

Barua ya mke wa rafiki yangu nimeisoma. Nimemwita wakili leo hii, nimeandika maelezo mapya na kutia sahihi mbele ya bwana jela. Wakili amekasirika, ameniambia nimeibomoa nyumba wakati inaezekwa. Nimemwambia ayapeleke leo leo, yule dada atoke.

Taa ililidanganya jicho langu, hilo ni kweli, na uliloeleza lote ni kweli. Lakini taa haikuandika kitabuni. Zile dakika thelathini na tisa ni zako, sitakudanganya kwamba si zako, maana utajua nadanganya. Neno lile ni langu.

Mama yako mwambie mwenyewe. Mimi nimeanza kumwandikia mara nne.

Baba yako


Nyumbani, 4 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Barua yako ya Julai sikuijibu, na siku ya hukumu nilikaa nyuma kabisa nikatoka kabla hujageuka. Najua uligeuka, wakili ameniambia.

Kifungo cha miaka saba si kidogo kwa mtu wa umri wako. Hakimu aliisoma sehemu ya jua, ukurasa mzima na nusu, akasema ameizingatia. Ameagiza kwamba kuanzia sasa dhoruba ikitangazwa, treni zote zisimame hadi mtu atembee kwa miguu kukagua njia. Na watu wa zamu kule ofisini kwetu wamepewa kitufe chao wenyewe, wabonyeze bila kumuuliza mtu. Nimeyasoma hayo gazetini, ukurasa wa saba.

Yule dada aliachiwa tarehe 5 Agosti, baada ya siku sabini na tano. Nilikwenda kwake na karatasi yako ya kuomba radhi, ile aliyonipa wakili. Anakaa kwenye chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha matofali. Alinipokea mlangoni, amesimama. Ndani mtoto alikuwa analia na bibi anambembeleza, na nilipotazama yeye akasema, “Analia mimi nikimbeba. Amenisahau, na maziwa yamekauka.” Aliisoma karatasi yako yote. Akauliza, “Hii ni ya kwangu kabisa au narudisha?” Nikamwambia ni yake. Akaikunja, akafunga mlango taratibu. Reli wamemrudishia kazi yake, lakini ameomba wampeleke kituo kisicho na simu ya waya. Hakuna kituo kama hicho, kwa hiyo sasa anawakatia abiria tiketi.

Mama nilimwambia jikoni. Aliendelea kuosha vyombo hadi vikaisha, akaviosha tena. Siku ya pili alivaa viatu, akatoka bila kusema anakwenda wapi. Alikwenda kwa mke wa dereva. Walikaa uani mpaka jua likazama na sijui walisema nini. Aliporudi macho yalikuwa yamevimba, akaniambia nisimuulize. Kuja kwako bado hajataka. Nilimuuliza Jumamosi iliyopita, akasema, “Nimempikia miaka thelathini na minne. Aniache kidogo nipumzike.” Hilo ndilo neno lake, nimekuletea kama lilivyo.

Mimi nafundisha hesabu kwenye shule ya jirani, nashikilia nafasi ya mwalimu aliyejifungua. Asubuhi wanafunzi wakiwa wanaandika, natazama dirishani, najikuta nahesabu. Nafika thelathini na tisa naanza upya. Sijui kama itaisha.

Nilikukasirikia sana, Baba. Nilikasirika kwamba nilikuwa nimekupenda kwa kitu ambacho hukukifanya. Nilikaa na hasira hiyo Agosti yote na Septemba yote. Bado ipo. Lakini juzi nilikuwa naeleza darasani kwamba ukikosea mstari wa kwanza, mistari yote inayofuata unaweza kuifanya kwa usahihi na jibu likawa baya, na mwanafunzi mmoja akauliza, “Sasa mtu afanyeje, Mwalimu?” Nikamwambia arudi juu. Wakati nasema nikakuona umekaa na bwana jela unaandika maelezo yale, na kalamu yako ya wino mzito, na hakuna aliyekulazimisha isipokuwa barua mbili za wanawake.

Wakili anasema tunaweza kukata rufaa juu ya urefu wa kifungo. Sijamjibu. Nataka nikuulize wewe, uso kwa uso.

Jumamosi ni siku ya wageni. Nitakuja. Sitakuja na vipimo wala makaratasi. Tutakuwa na dakika ishirini, wameniambia, na dirisha katikati yetu. Pengine tutashindwa kusema kitu, tutazamane tu. Kama hutaki, mwambie askari aniambie mlangoni, sitafanya fujo. Nitarudi nyumbani, halafu nitakuja Jumamosi inayofuata.

Binti yako